Kinyozi hajinyoi: kuwasha Lifecycle Manager kwenye seva iliyo peke yake

*"Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ndiye fundi pekee wa IT kwenye SACCOS yetu. Tuna seva moja, Dell PowerEdge R740, yenye ESXi 8.0 niliyoiweka mwishoni mwa 2022, na sijaigusa tangu hapo. Juu yake kuna mashine pepe sita: hifadhidata ya wanachama, mafaili, Active Directory, mbili ndogo ndogo, na vCenter yenyewe. Mkaguzi ameandika kwamba hatuna utaratibu wa kusasisha programu, nami nikaambiwa niwashe Lifecycle Manager. Nikifungua seva naona Baselines tu, na maandishi kwamba njia hiyo inaachwa. Rafiki yangu anasema imeji ni za klasta tu, kwa hiyo nitengeneze klasta ya seva moja. Nilijaribu hizo Baselines. Kazi ikasogea kidogo, ikaganda kwenye kuingia hali ya matengenezo, nikaifuta baada ya dakika arobaini kwa hofu. Nimekosea wapi? Seva iliyo peke yake inawezekana kuwekwa chini ya Lifecycle Manager, au najisumbua?"*

Pole na dakika arobaini hizo. Nazijua. Unakodolea mstari usiosogea huku unawaza kesho asubuhi wanachama wamejipanga dirishani na mfumo haupo. Kuifuta kazi ile hakukuharibu kitu, kwani seva ilikuwa bado haijaandikiwa kiraka, yaani faili la marekebisho ya programu, hata kimoja. Ilikuwa inasubiri, na jibu la swali lako limelala kwenye kile ilichokuwa inasubiri.

Kwa msomaji mgeni: ESXi ni mfumo wa VMware unaoendesha mashine pepe (kompyuta ndani ya kompyuta) juu ya seva, vCenter ni programu ya kusimamia seva hizo, Lifecycle Manager ni sehemu yake ya kusasisha, klasta ni kundi la seva zinazofanya kazi pamoja, na Active Directory ni huduma ya akaunti za watumiaji. Tuanze na neno lenyewe, maana "seva iliyo peke yake" hutumika kwa mambo mawili tofauti. Kuna seva yenye ESXi isiyo na vCenter kabisa, unayoingia moja kwa moja kwa kivinjari. Hiyo haina Lifecycle Manager na haiwezi kuwa nayo, kwa sababu Lifecycle Manager ni huduma inayoishi ndani ya vCenter. Ndani ya ESXi hakuna swichi ya kuiwasha, utafute mpaka jua lizame. Halafu kuna seva iliyoandikishwa kwenye vCenter lakini haimo kwenye klasta yoyote. Nyaraka za VMware zinapotaja seva ya peke yake humaanisha hii ya pili, na yako ni ya aina hiyo. Kwa hiyo hujisumbui.

Rafiki yako naye hakudanganya, ila habari yake imechacha. vSphere 7.0 ilipotoka Aprili 2020, Lifecycle Manager ilichukua nafasi ya Update Manager ya zamani, na njia mpya ya imeji ilikuwa ya klasta tu. Ndipo ujanja wa klasta yenye seva moja ulipozaliwa, hata mimi niliutumia. Toleo la 8.0, Oktoba 2022, lilifungua mlango kwa seva zisizo kwenye klasta, lakini kwa API peke yake, yaani kwa wanaoandika skripti. Sehemu ya kubofya ilikuja na 8.0 Update 1, Aprili 2023. Wewe uliweka mwishoni mwa 2022 ukaacha. Kitufe unachokitafuta hakijafichwa, hakijafika kwako tu. Ukisasisha vCenter, ukachagua seva, ukafungua "Updates", utakiona "Image" upande wa kushoto. Na vCenter ndiyo hutangulia daima: iwe sawa na ESXi au mbele yake, kamwe isiwe nyuma.

Sasa imeji ni kitu gani, na inatofautianaje na Baselines? Baselines ni kama kumtuma mtoto dukani: leta kiraka hiki, ongeza na kile. Vilivyomo nyumbani tayari havimhusu. Imeji inafanana zaidi na orodha ya makabidhiano ya nyumba ya kupanga: kitanda kimoja, viti vinne, jiko moja, basi. Kikikutwa kiti cha tano, kinatolewa. Ndani ya imeji unaandika toleo la ESXi, ambalo ni lazima, kisha kifurushi cha mtengenezaji wa seva, kwako Dell, na ukipenda vipande vya ziada. Fimweya, yaani programu zilizomo ndani ya kadi na ubao wenyewe, zinaweza kuingia humo pia, lakini mpaka uwe umeweka programu ya Dell inayoungana na vCenter. Kwa seva moja sioni haja, fimweya isasishe kwa iDRAC, kifaa cha Dell cha kuisimamia seva kwa mbali. Baada ya hapo Lifecycle Manager hulinganisha seva na orodha, ikikuta tofauti inakuambia, na ukiamuru inairekebisha.

Hapo kuna mitego miwili. Draiva au programu ya bakapu uliyowahi kuiweka kwa mkono, isipoandikwa kwenye imeji, siku ya marekebisho itaondolewa. Na ukishaihamishia seva kwenye imeji, kurudi kwenye Baselines hakupo. Mtego huu wa pili haunikoseshi usingizi, kwa sababu Baselines zilitangazwa kuwa njiani kuondoka tangu 8.0. Ule wa kwanza usome mara mbili.

Turudi kwenye mstari ulioganda. ESXi haiandikwi viraka huku mashine pepe zinatembea juu yake. Sharti iingie hali ya matengenezo, na hali hiyo maana yake hakuna mashine pepe hata moja inayokimbia. Kwenye klasta, mashine huhamishiwa kwa jirani zikiwa hai. Seva yako haina jirani, kwa hiyo ilibaki imekaa inasubiri mtu azizime. Unaweza kwenda kwenye mipangilio ya Lifecycle Manager ukaiamuru izizime mashine au izilaze yenyewe kabla ya kazi, na kwa mashine zako tano hilo lingetosha.

Ya sita ndiyo vCenter. Ikilala, anayetoa amri naye amelala. Isipolala, seva haiingii matengenezo. Wahenga walishasema kinyozi hajinyoi, na hapa hakuna kipengele cha kubofya kinachofungua fundo hilo. Klasta ya seva moja haifungui chochote, inabadilisha tu jina la folda ambamo umekwama. Kwa hiyo swali la kuamua ni hili: vCenter yako inakaa wapi?

Ikiwa unaweza kuihamisha, ihamishe. vCenter 8 ya ukubwa mdogo kabisa inahitaji prosesa pepe 2 na kumbukumbu ya GB 14, na inatosha seva hadi 10. Mwakani mkinunua seva ya pili, hata ya mtumba yenye nguvu ya wastani lakini iliyomo kwenye orodha ya vifaa vinavyokubalika, iweke huko. Hapo njia ya imeji itakuwa tamu kweli: unaandika orodha, unaangalia tofauti, unapakia viraka mapema mchana bila kugusa kazi za watu, jioni unabofya marekebisho na unaenda kunywa chai. Nimewaona wanaoiweka vCenter ndani ya VMware Workstation kwenye kompyuta ya mezani. Inafanya kazi, lakini mtengenezaji haitambui, na siku mtu wa usafi akichomoa waya utanikumbuka. Sikushauri.

Ikiwa huwezi kuihamisha, kuna njia ninayoipenda kwa ofisi kama yako, ingawa haina mbwembwe. Acha vCenter ifanye kazi ya jicho, na kazi ya mkono uifanye mwenyewe kwa amri. Ulinganisho wa seva na imeji hauhitaji hali ya matengenezo, unafanyika mchana kweupe. Andika imeji, linganisha, piga picha ya skrini, weka kwenye faili la mkaguzi. Kisha kusasisha kwenyewe ukufanye vCenter ikiwa imezimwa.

Au uiondoe vCenter kabisa. Wengi hawapendi kuisikia hii. Seva moja haihitaji vCenter ili iishi, na GB 14 za kumbukumbu ni nyingi kwenye hifadhidata yako. Mkaguzi aliandika "utaratibu", hakuandika jina la programu. Daftari lenye tarehe, toleo la kabla, toleo la baada na jina la aliyefanya ni utaratibu. Wapo watakaokwambia uhamie Proxmox, mshindani wa VMware, nayo ni programu nzuri tu, lakini huko pia seva inazimwa na kuwashwa kernel mpya, yaani kiini cha mfumo, ikiingia. Kuhama ni mradi wa miezi. Usihame kwa hasira ya jioni moja.

Nikifuata njia ya jicho na mkono, mimi hufanya hivi. Naanza na bakapu za mashine zote, zikae nje ya seva hiyo, na moja kati yake niirejeshe kweli kuthibitisha kwamba inafunguka. vCenter ina bakapu yake kupitia ukurasa wa bandari 5480, na hapo hapo ndipo inaposasishwa. Kabla ya kuisasisha naizima, naichukulia snapshot, yaani nakala ya hali yake ya wakati ule, kutoka ukurasa wa ESXi, naiwasha. Halafu naingia ESXi kwa SSH, njia ya kuandika amri kupitia mtandao, na kuhifadhi mipangilio ya seva:

`vim-cmd hostsvc/firmware/sync_config`
`vim-cmd hostsvc/firmware/backup_config`

Amri ya pili inarudisha anwani yenye nyota mahali pa jina la seva. Weka IP yako hapo, fungua kwa kivinjari, pakua faili. Faili hilo linarejea kwenye ESXi ya namba ile ile ya toleo, kwa hiyo andika namba hiyo pembeni. Kama seva ina chipu ya TPM, inayotunza funguo za usalama, na inatumika, kuna la zaidi: toa ufunguo wa uokoaji kwa `esxcli system settings encryption recovery list`, uuandike kwenye karatasi, karatasi iingie kwenye sefu. Mabadiliko ya fimweya yanaweza kuifanya seva ikudai ufunguo huo wakati wa kuwaka, na hapo hakuna wa kumpigia simu.

Kisha napakia faili la ZIP lenye ESXi pamoja na draiva za Dell kwenye datastore, yaani hifadhi ya diski za seva, na kuuliza lina nini ndani:

`esxcli software sources profile list -d /vmfs/volumes/datastore1/viraka/esxi-dell.zip`

Jina linalotokea nalitumia kwenye jaribio la mdomo, ambalo halibadilishi kitu:

`esxcli software profile update -d /vmfs/volumes/datastore1/viraka/esxi-dell.zip -p JINA --dry-run`

Soma kinachotoka mstari kwa mstari, hasa vitakavyoondolewa. Halafu litazame tena neno `update` kwenye amri hiyo. Lina ndugu yake anayeitwa `install`, na hawa si wa kuchanganywa. `update` hupandisha vilivyopitwa na kuacha vingine mahali pake. `install` hufuta kila kisichomo kwenye kifurushi.

Nilijifunza hilo saa tano usiku kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja. Nilikuwa na kifurushi cha kawaida cha VMware, si cha mtengenezaji wa seva, nikaandika `install`, mfumo ukakataa kwa adabu ukisema niongeze `--ok-to-remove` kama nakubali vitu viondolewe, nikaiongeza kwa uchovu. Seva ilipowaka, ilikuwa salama salimini, ila datastore hakuna. Draiva ya kadi ya RAID, ile inayounganisha diski, ilikuwa imeondoka na diski zote zikaonekana kama hazijawahi kuwepo. Kilichoniokoa ni kwamba ESXi huweka vyumba viwili vya kuwakia: inasasisha kimoja na kuacha kingine na toleo la zamani. Wakati wa kuwaka, mstari wa kwanza wa upakiaji ukitokea, bonyeza Shift na R. Itakuonyesha toleo la sasa na la zamani na kukuuliza kama unataka kurudi moja kwa moja. Nilibonyeza Y, nikangoja dakika tano ndefu kuliko ndoa, datastore ikarudi. Mlango huo ni mmoja tu: ukisasisha mara mbili mfululizo, toleo la zamani kabisa limeshafutwa. Ndiyo maana kati ya hatua na hatua napenda siku kadhaa zipite.

Jaribio la mdomo likipita, zima mashine kwa utaratibu kutoka ndani yake, vCenter na Active Directory ziwe za mwisho. Ingia hali ya matengenezo kwa `esxcli system maintenanceMode set --enable true`, rudia amri ile ile bila `--dry-run`, washa seva upya. Ikirudi, itoe kwenye matengenezo. Hapa watu wengi hujifunga kamba wenyewe: wanaiwasha vCenter kwanza. Kama DNS yenu, huduma ya kutafsiri majina kuwa anwani, iko ndani ya Active Directory, na naamini iko humo, vCenter itawaka bila kujua jina lake na huduma zake zitapepesuka. Active Directory iwake kwanza, ngoja ijibu, ndipo vCenter, kisha hifadhidata.

Nikuonye kuhusu ghala la viraka mtandaoni. Broadcom iliinunua VMware Novemba 2023, na mwaka 2025 anwani za zamani za ghala zilizimwa. Sasa kila mteja ana tokeni yake anayoiweka ndani ya anwani. vCenter yako ya 2022 bado inabisha kwenye mlango wa zamani, kwa hiyo usishangae ikisema imeshindwa kupata viraka. Tokeni, na hata lile faili la ZIP, vinahitaji mkataba wa msaada ulio hai. Kabla hujapanga siku ya kazi, muulize mhasibu kama mliulipia. Pengine hilo ndilo litakalokuwa gumu kuliko amri zote nilizokuandikia. Toleo la 8 lenyewe lina msaada wa kawaida mpaka Oktoba 2027, kwa hiyo una muda wa kulitengeneza vizuri kabla ya kuwaza la 9.

Muda huo lakini si wa kuendelea kukaa kwenye 8.0 tupu. Februari 2023 wavamizi walifunga kwa usimbaji maelfu ya seva za ESXi duniani, shambulio lililoitwa ESXiArgs, na tundu lililotajwa zaidi, la huduma ya OpenSLP, lilikuwa na kiraka tangu Februari 2021. Miaka miwili kiraka kiko mezani. Machi 2025 vikatoka viraka vya matundu matatu yaliyokuwa tayari yanatumiwa na wavamizi, likiwamo moja linalomwezesha aliyeshika mamlaka ndani ya mashine pepe moja kuichomokea seva yenyewe. Yako haijapata hivyo wala vingine vilivyotoka tangu uiweke. Wakati unajipanga, hakikisha ukurasa wa ESXi na wa vCenter haufikiki kutoka intaneti, na SSH ikae imezimwa mpaka siku unayoihitaji.

Yapo mazingira ambayo nisingependa ufanye haya peke yako ukisoma kwenye simu. Kama iDRAC inaonyesha diski yenye taa ya njano au betri ya kadi ya RAID iliyochoka, mlete fundi wa vifaa kwanza, kwa sababu kuwasha upya seva ya namna hiyo ni kamari. Kama ESXi imewekwa kwenye kadi ya SD, mlete mtu aliyezoea akusaidie kuihamishia kwenye diski ya kweli, kwani kadi hizo huchakaa haraka tangu toleo la 7 na VMware yenyewe imeacha kuzipendekeza. Kama kuna mashine pepe zilizosimbwa na hujui funguo ziko wapi, simama hapo hapo. Na kama bakapu hujawahi kuirejesha hata mara moja, basi kazi yako ya kwanza ni hiyo, ESXi isubiri. Bosi akinung'unika kulipa siku moja ya mtaalamu, mwambie ahesabu wanachama wangapi hupita dirishani kwa siku.

Panga iwe Jumamosi saa nne asubuhi, si Ijumaa usiku. Duka la vifaa litakuwa wazi, wenzako watapokea simu, na umeme ukikatika utaweza kwenda kulitazama jenereta kwa macho yako. UPS iwe imejaa, na uwe umeijaribu kwa mzigo wiki ile. Jaribio la mdomo likikataa, usilazimishe kwa kuongeza alama za kupuuza makosa. Nakili mistari yote iliyotoka, ya kwanza mpaka ya mwisho, uniandikie tena.